"Sikipendi" Nayo Ni Hoja

Wapo watu ambao wakimaliza kusoma riwaya huanza kwa kuomba radhi. "Mimi si mtaalamu wa fasihi, lakini..." Ndipo wataje, kwa sauti ya chini, kwamba kitabu kiliwachosha tangu sura ya tatu, au kwamba chai iliwapolea mezani kwa ajili ya kurasa ishirini za mwisho. Mtu huyohuyo akitoka uwanjani hamwombi radhi mtu. Atamsema kocha wa Simba, atamsema na wa Yanga, kikosi atakipanga upya, na hakuna atakayemdai cheti cha ukocha. Kwenye kitabu ndiko anakodaiwa shahada.

Imani hii, kwamba maoni juu ya kitabu ni haki ya wahakiki na walimu wa Kiswahili peke yao, imezoeleka hata watu huiita adabu. Jina lake halisi ni woga, na mahali ulipofundishwa panajulikana.

Ni darasani. Mwanafunzi wa sekondari Tanzania huikuta riwaya imeshachinjwa na nyama imeshagawanywa: maudhui huku, fani kule. Chini ya maudhui kuna dhamira, ujumbe, migogoro, msimamo na falsafa. Chini ya fani kuna muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Hapana hata fungu moja linalomuuliza kama alicheka. Kenya nako kitabu teule huuzwa na mwongozo ubavuni mwake, na wapo wanaofika chumba cha mtihani wakiujua mwongozo kuliko kitabu. Mwalimu mwenye darasa lililofurika na mtihani wa taifa mbele yake hana nafasi kubwa ya kufanya vingine, tusimwonee. Ila kijana wake hutoka pale akiamini kwamba kila kitabu kina majibu, na majibu hayo anayo mtu mwingine.

Itazame Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Zakaria, mlevi wa Namagondo kule Ukerewe, anamtandika bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua akiwaogopa wanaume. Akifika mbali na macho ya baba anapoteza breki, na mwisho anajiua. Riwaya hiyo ilizuiwa kwanza isisomwe madarasani, baadaye ikageuzwa kuwa kitabu cha kiada Tanzania na Kenya. Mara zote mbili msomaji alisemewa: kwanza na waliohofu kwamba itamharibu, kisha na waliompa jibu la kukariri, "dhamira kuu ni malezi".

Sasa wape riwaya hiyo wanawake watatu walioisoma, wakae saluni wakisukwa. Wa kwanza atamlaani Zakaria. Wa pili atamgeukia Regina, mama wa Rosa: yeye alikuwa wapi siku zote hizo? Wa tatu atamvaa mwandishi mwenyewe: kwa nini kwenye riwaya za wanaume msichana akiteleza ni lazima afe? Swali hilo la tatu lina uhakiki ndani yake kuliko rundo la karatasi za mtihani, na aliyeliuliza ana mafuta ya nazi kichwani na chanuo mkononi.

Ajabu ni kwamba Waswahili hawakuanza hivi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilijaa mashairi ya wasomaji wake, na washairi wa magazetini walijibizana na kukosoana hadharani bila kuulizana elimu. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa forodha. Muhammed Said Abdulla, aliyemleta mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, alianzia kazi idara ya afya Zanzibar. Na Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, wenye jadi yao hawakusubiri chuo kikuu kiwaruhusu kukasirika. Walisema wazi kwamba hayo si mashairi. Pengine walikosea, lakini ugomvi wao ndio uliowalazimisha wanamabadiliko kueleza wanachokifanya.

Watetezi wa ukimya wana hoja moja ya maana: "kitabu kizuri sana, kisomeni" haimsaidii mtu. Kweli. Dawa yake ni kuufunua ukurasa na kuonyesha ni wapi pamekuuma, jambo ambalo halihitaji joho.

Wasomaji wakinyamaza, mazungumzo huhamia kwa mwandishi. Oktoba 2021 mwandishi Abdulrazak Gurnah alipotunukiwa Nobel ya Fasihi, watu walibishana kwa jasho kama ni Mtanzania au si Mtanzania. Waliobishana juu ya riwaya zake walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Kisingizio cha lugha kilipungua mwaka uliofuata, pale Mkuki na Nyota walipochapisha Peponi, riwaya yake ya Kiingereza iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Humo mtoto Yusuf anawekwa rehani kwa deni la baba yake, kwa tajiri ambaye Yusuf alifundishwa kumwita mjomba, na mwishoni anawakimbilia askari wa Wajerumani. Je, anatoroka utumwa au anabadilisha bwana? Mtu wa pwani ambaye bibi yake alimsimulia misafara ya bara ana ushahidi ambao mhakiki wa London hana. Akikaa kimya, ushahidi huo unapotea.

Riwaya za kijasusi za Elvis Musiba ndizo zilizoponyoka mtego huu wa ukimya. Wasomi waliziweka kwenye kapu la fasihi pendwa, wengine kwa dharau, na msomaji hakujali: Kufa na Kupona ya mwaka 1974 ilipita mkono kwa mkono, na mpelelezi wake Willy Gamba akawa na mashabiki mabwenini na kwenye mabasi. Katika vitabu vikuukuu vya aina hiyo, vile vya jalada lililoshikizwa kwa selotepu, vinavyotandikwa kwenye turubai kando ya barabara, hukosi kukuta waliotangulia wameacha neno pembeni mwa ukurasa. Kalamu ya bluu: "Uongo huu!" Chini yake, penseli ya mkono mwingine: "Endelea kwanza."