Tovuti za Safari Zinalinda Sanduku Lako, Hazilindi Damu Yako

Leo tuziweke kando seva na hifadhidata, twende baharini. Msihofu, tarakilishi hazitakuwa mbali, kwa sababu ugomvi wangu wa leo ni na watengenezaji programu wenzangu.

Ugomvi wenyewe ni huu. Tovuti tunazotumia kupanga safari za visiwani zinajua mambo mawili tu: pesa na saa. Ukitaka kwenda kuzamia, jambo linaloweza kukuua ni la tatu, nalo halimo kabisa kwenye hesabu yao.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi: Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Zamani ilijulikana kwa wavuvi na mafundi wa majahazi. Mafundi bado wapo, lakini siku hizi ufuoni kumejaa pia maduka ya wazamiaji, na kila asubuhi mashua zinatoka kwenda kisiwa cha Mnemba au kule kaskazini kwenye mwamba wa Leven, ambako mkondo una nguvu. Kwa Mkenya ni safari rahisi. Viza haitakiwi, na ndege kutoka Nairobi ni saa moja na dakika kadhaa. Unafungua tovuti, unaandika tarehe, unabonyeza "bei nafuu kwanza", na kazi imekwisha.

Haijaisha. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Kwanza elimu kidogo, kwa asiyewahi kuzamia. Karibu asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni nitrojeni. Huku juu haitusumbui, inaingia na kutoka. Lakini ukishuka mita 10 majini shinikizo linakuwa mara mbili, na mita 20 mara tatu. Nitrojeni inayeyuka kwenye damu na nyama za mwili kama gesi ilivyoyeyuka ndani ya soda. Ukipanda polepole inatoka taratibu kwa pumzi. Hata hivyo, ukifika juu haijatoka yote. Inaendelea kutoka kwa saa nyingi wakati wewe umekaa ufuoni unakula pweza.

Sasa mchukue mtu huyo umpandishe ndege. Ndani ya ndege kubwa hewa hupunguzwa mpaka kufanana na ya mlima wa hadi mita 2,400, yaani shinikizo la karibu robo tatu ya lile la pwani. Umeshafungua soda ghafla? Basi ndivyo. Viputo vinaweza kufanyika mwilini. Dalili zake ni maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, uchovu usioeleweka, na hali ikiwa mbaya, kupooza. Dawa yake ni oksijeni na kuingizwa kwenye chumba maalumu cha shinikizo, chombo ambacho hukipati kila hospitali.

Haya si maneno ya kijiweni. Mwaka 2002 wataalamu walikutana chini ya DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, wakatoa mwongozo unaofuatwa hadi leo. Mtu aliyezamia mara moja tu, bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda, asubiri angalau saa 12 kabla ya kuruka. Aliyezamia mara kadhaa, au siku kadhaa mfululizo, angalau saa 18. Aliyezamia kwa namna inayolazimu vituo vya kusubiri njiani, zaidi sana ya 18. Wengi huamua saa 24 ili wasijisumbue na hesabu.

Hebu tuzitumie namba hizo. Unatoka majini Jumamosi saa saba mchana, baada ya siku tatu za kuzamia. Ongeza saa 18, unapata Jumapili saa moja asubuhi. Tovuti inakupa ndege ya Jumapili saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu ndiyo ya bei ya chini. Unasema, "Si ni kesho yake? Nimelala kabisa!" Umelala ndiyo, lakini ni saa 16 tu. "Kesho yake" si kipimo. Viputo havisomi kalenda.

Na sasa nije kwenye kinachoniudhi hasa.

Mifumo ya kuuza tiketi ina kitu kinachoitwa muda wa chini wa kuunganisha ndege. Kila uwanja una wake. Kama ndege ya kwanza inatua na ya pili inaondoka kabla muda huo haujatimia, mfumo unakataa kukuuzia safari hizo mbili kwa tiketi moja. Kwa nini? Kwa sababu abiria atachelewa, na sanduku lake halitawahi kuhamishwa. Yaani kanuni ya "usiunganishe A na B mpaka zipite saa kadhaa" imo kwenye mifumo hii tangu zamani, imeandikwa, imejaribiwa na inafanya kazi kila sekunde. Ipo kwa ajili ya sanduku. Kwa ajili ya damu ya mwenye sanduku, hakuna.

Wenzangu watanijibu: "Tovuti itajuaje kwamba abiria anazamia?" Jamani! Tovuti nyingi leo zinakuuzia ndege, hoteli na "shughuli za kufanya" kwenye kikapu kimoja. Tiketi ya ndege na siku ya kuzamia zinakaa safu moja juu ya nyingine katika hifadhidata ileile, kila moja na saa yake. Kinachokosekana ni kitu kama hiki:

kama (saa_ya_kupaa - saa_ya_kutoka_majini) < 18: onya

Mstari mmoja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuuandika kabla chai haijapoa. Tovuti hizohizo zina ujuzi wa kukuonyesha kwamba "watu 7 wanatazama chumba hiki sasa hivi". Kwa hiyo uwezo upo. Anayeamua kipi kihesabiwe na kipi kiachwe ndiye hajaona haja.

Jibu la pili ninalolisikia: "Hilo ni jukumu la mzamiaji, amefundishwa darasani." Kwa mwenye cheti, sawa, amefundishwa. Lakini nenda ufuo wowote wa kitalii uone nani ananunua mbizi za majaribio. Ni mtu ambaye hajawahi kushika mtungi, amekuja kupumzika, na mwalimu anampeleka chini siku hiyohiyo. Mwalimu mwema atamwuliza ndege yake ni lini. Lakini tiketi ilinunuliwa miezi mitatu nyuma, na kuibadilisha kunagharimu kuliko mbizi yenyewe. Onyo linalofika baada ya kulipa linachelewa.

Jibu la tatu: "Mbona fulani aliruka baada ya saa nane na hakupata chochote?" Ni kweli wako wengi. Wako pia wengi waliovuka barabara ya Thika bila kutazama wakafika salama. Mwongozo wa saa 18 hauahidi kwamba hutaugua, unapunguza uwezekano tu. Anayejisifu kwa bahati yake asitupangie safari zetu.

Sasa nawageukia ndugu zangu wa Nairobi, kwa sababu sisi tuna mtego wetu wenyewe. Wengi hudhani tatizo ni ndege. "Mimi nitazamia Diani, nirudi kwa treni, basi sina shida." Fungua ramani. Nairobi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700. Shinikizo la hewa hapa kwetu ni kama asilimia 82 tu ya lile la Mombasa. Mwongozo wa DAN unahusu mwinuko wowote kati ya mita 610 hivi na 2,400, na sisi tumo katikati kabisa. Treni ya Madaraka iliyoanza mwaka 2017 inakutoa pwani na kukufikisha huku juu kwa saa tano au sita. Kwa mwili wako, hiyo ni ndege inayoruka polepole. Vivyo hivyo anayetoka Unguja kwa boti hadi Dar kisha akadandia basi la Arusha. Boti haina neno, iko usawa wa bahari. Basi ndilo linalopanda.

Na vifurushi vya "ufuo kisha mbuga" ni vilevile. Ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu. Kilimanjaro ni mita 5,895. Panda mlima kwanza, tazama simba kwanza, kisha malizia na bahari, na hata hapo acha siku kavu kabla ya kurudi. Kupanga kinyume ni kujitafutia.

Kuna kasoro nyingine ya kupanga kwa bei, nitaipitia haraka. Bei ikishuka sana, uliza kwa nini. Aprili na Mei ni masika, mvua inamwagika na baadhi ya hoteli za Zanzibar hufunga kabisa. Tovuti inaita "punguzo". Nahodha hawezi kuita hivyo. Wazee wa pwani walipanga safari kwa kaskazi na kusi: kaskazi toka Desemba hadi Machi hivi, kusi toka Aprili au Mei hadi Septemba na kuendelea. Ufuo uliotulia msimu mmoja hupigwa na mawimbi msimu mwingine. Nungwi, ikiwa ncha ya kaskazini, imekingwa na kusi kuliko Paje na Jambiani za mashariki. Na kuna bamvua na maji mafu. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa karibu mita nne, na mikondo hukaza. Majedwali ya maji hukokotolewa miaka mingi mbele, ni hesabu tupu, kitu ambacho tarakilishi inakipenda kuliko vyote. Nani ameyaweka kwenye ukurasa wa kuchagua tarehe?

Siku hizi mtu ataniambia aiulize akili mnemba impangie safari ya kwenda Mnemba. Iulize, jina lenyewe linafaa. Lakini ratiba nzuri ya kusoma si lazima iwe salama. Pima mwenyewe saa kati ya mbizi ya mwisho na kupaa, kwa kidole.

Basi tufanyeje? Panga kutoka mwisho kuja mwanzo:

1. Andika saa utakayoanza kupanda juu, iwe kwa ndege, treni au basi.
2. Rudi nyuma saa 24. Hapo ndipo mbizi yako ya mwisho imekwisha. Muda unaobaki ni wa Mji Mkongwe, wa kuogelea juujuu na wa kula.
3. Kisha tazama mwezi na upepo, uchague wiki.
4. Soma bima yako. Nyingi za kawaida haziingizi kuzamia, au zina kikomo cha kina.
5. Uliza duka la kuzamia chumba cha shinikizo kinachofanya kazi kiko wapi, na wana oksijeni mashuani. Wakigugumia, nenda duka la pili.
6. Mwisho kabisa, ndiyo bonyeza "bei nafuu kwanza".

Na kwenu watengenezaji programu: msiseme data haipo. Tarakilishi ya mzamiaji, ile inayovaliwa mkononi kama saa, inahesabu nitrojeni dakika kwa dakika na kuonyesha muda wa kutoruka. Kuna hata programu huria ya kutunza kumbukumbu za mbizi na kupanga mbizi, Subsurface, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Linus Torvalds, yuleyule wa Linux, kwa kuwa naye ni mzamiaji. Msimbo uko wazi, bure, usome. Mtu alihitaji kitu, akakaa akakiandika.

Mwenye tovuti ndogo ya safari hapa Nairobi, Mombasa au Unguja ana nafasi ya kuwapita wakubwa kwa mstari ule mmoja. Hatahitaji mtaji wala mwekezaji. Mteja atakayeonywa kabla ya kulipa atarudi mwakani akiwa anatembea kwa miguu yake.

Mwenye hoja ya kunipinga ailete, ila aje na namba. Tutaonana wiki ijayo, inshallah.