Kilti ya kwanza ya mwanaume mwenye mwili

Juma hili najibu swali la mama mmoja wa kikundi cha kushona. Bwana yake anataka kuvaa kilti kwenye ndoa ya mdogo wake, mwezi wa nane. Baba huyo ana mwili, na mafundi wawili wamekwisha kumwambia kwamba nguo ya namna ile ni ya watu wembamba. Mama anauliza: nimkataze, ama nimsaidie?

Msaidie, mama. Mwili si sababu ya kumnyima mtu nguo nzuri. Inatakiwa tu kupima vizuri.

Kwanza tuelewane juu ya nguo yenyewe. Kilti ni vazi la wanaume wa Uskoti, kule kaskazini ya Uingereza. Ni kitambaa cha sufu chenye mistari ya rangi inayopitana, kinachozungushwa kiunoni: mbele ni sawasawa bila mikunjo, nyuma ni marinda, yaani zile pli tunazozijua kwenye jipe za wanafunzi. Mwaka 1746 serikali ya London iliwakataza watu wa milimani kuivaa, ikaruhusiwa tena mwaka 1782. Huku kwetu imejulikana kupitia Sape, ile desturi ya umaridadi ambayo Papa Wemba aliitangaza sana. Kinshasa na Brazzaville wapo watu wa Sape wanaoivaa barabarani bila haya. Kwa hiyo akitokea shangazi wa kusema «baba amevaa jipe», mjibuni kwa upole kwamba mababu zetu walijifunga kitambaa kiunoni kabla ya suruali kufika, nao walikuwa wanaume.

Sasa tuje kwenye vipimo. Fundi asiyezoea atauliza namba ya suruali. Msimpe hiyo namba! Mwanaume mwenye tumbo huifunga suruali chini ya tumbo, kwa hiyo namba ile haisemi unene wa kiuno chake. Kilti inakaa juu zaidi, kwenye usawa wa kitovu. Mkishona kwa namba ya suruali, siku ya ndoa mikanda haitafika kwenye vifungo.

Pimeni nyumbani, baba akiwa amesimama, anapumua kama kawaida. Asivute tumbo ndani. Andikeni haya:

1. Kiuno, kwenye usawa wa kitovu, meta ikizunguka bila kupanda wala kushuka.

2. Makalio, pale penye unene zaidi.

3. Urefu, toka kiunoni mpaka katikati ya goti. Pimeni ubavuni, kisha mbele. Tumbo linasukuma kitambaa na kukipandisha, kwa hiyo mbele panataka urefu zaidi kidogo. Bila hiyo, nguo inakuwa fupi mbele na ndefu nyuma.

Wapo wanaume wasiovumilia nguo juu ya tumbo, wanataka ikae chini yake. Inawezekana, lakini inateremka haraka. Akichagua hivyo, aamue kabla ya kupima, na vipimo vyote vianzie pale.

Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo fundi anapoweza kutupunja. Tuseme makalio ni sentimeta 124. Nusu yake, 62, ni sehemu ya mbele, na nusu nyingine ni marinda. Kila rinda likionyesha sentimeta 2.5, tunapata marinda 25. Kila rinda linaficha ndani sentimeta 16, basi moja linakula 18.5. Mara 25, ni karibu meta 4.6. Mbele kunapita kitambaa mara mbili, kimoja juu ya kingine: 1.24. Ongezeni pindo za pembeni, tunafika meta 6.2 hivi. Mtu mwembamba wa sentimeta 92, kwa hesabu ileile, anamaliza na meta 4.6.

Msishtuke. Kitambaa cha upana wa sentimeta 150 kinapasuliwa katikati kwa urefu, vipande viwili vinaunganishwa, na mshono unafichwa ndani ya rinda. Kwa hiyo sokoni mnanunua meta 3.2 tu. Lakini fundi akisema «nitapunguza marinda ili kitambaa kitoshe», mkatalieni. Marinda membamba hayachezi mtu anapotembea, na nyuma yanafunguka akikaa. Tena kama tumbo limetoka sana, mwambieni sehemu ya mbele ichukue zaidi ya nusu, ili marinda yasivutwe mpaka ubavuni.

Kitambaa kiwe cha sufu nyepesi. Hapa Likasi asubuhi ya mwezi wa nane kuna baridi, lakini mchana ndani ya sali ya ndoa mtu mwenye mwili anatoka jasho haraka. Kuhusu rangi, watu wa Sape wana sheria yao: rangi zisizidi tatu. Basi chagueni mistari yenye rangi chache, kisha shati na soksi zifuate mojawapo.

Siku ya kujaribu, baba apige magoti na mwili wima: pindo lisiguse chini, lakini liwe karibu kugusa. Kisha akae kwenye kiti, apande ngazi, acheze kidogo. Mikanda iwe mirefu na yenye matundu ya akiba, maana baada ya chakula cha ndoa kiuno hakibaki kilevile. Kipande cha juu cha mbele kinafungwa upande wa kuume. Ile pini kubwa inashika kipande cha juu peke yake. Ikishika vyote viwili, kitambaa kinapasuka.

Neno la mwisho ni kwetu sisi. Mume aliyeambiwa na mafundi wawili kwamba nguo haipo kwa mwili wake, ameumia hata kama amecheka. Tusimpime mbele ya majirani, wala tusitaje namba zake kisimani. Watoto wanasikia tunavyosema juu ya mwili wa baba yao, na kesho watasema vilevile juu ya mwenzao darasani. Mimi nawasikia kila siku.

Juma lijalo: unifomu za watoto kabla masomo hayajaanza. Mwenye swali alipeleke kwa mwandishi wa kikundi chake.