Kifumbu hakishiki chumvi

Toleo lililopita tuliwaahidi habari ya kukaanga maandazi bila kuamsha king'ora cha moshi. Maandazi yatasubiri. Tangu tuonane tumekaa siku tisa bila maji ya maana, tumelipa dola 180, na tumerudi na maneno ambayo hatukuwahi kuyatumia nyumbani.

Tunaishi wanne katika nyumba ya kupanga, nje kidogo ya Bloomington, Indiana. Maji yetu hayatoki mjini, yanatoka kwenye kisima nyuma ya nyumba. Huku ni nchi ya mawe ya chokaa, mawe yale yale yaliyopelekwa New York kujengea kuta za nje za Empire State Building. Maji yakipita ndani yake huyeyusha chokaa na kuja nayo, ndiyo maana huitwa maji magumu. Sabuni haitoi povu, birika linaota gamba jeupe, na kanga ikifuliwa inakakamaa kama kadibodi.

Kwa hiyo chini ya nyumba kuna mashine ya kulainisha maji. Ndani yake mna shanga ndogo za plastiki zinazonasa chokaa, kisha mashine huziosha yenyewe kwa maji ya chumvi. Mbele ya mashine kuna chombo cha bluu chenye chujio la awali, ambalo kazi yake ni kuzuia mchanga na kutu visiingie. Mkataba unasema kubadilisha chujio hilo ni kazi ya wapangaji. Tuliusaini wote wanne. Hakuna aliyeusoma.

Mwezi wa tisa presha ilianza kushuka. Tukafungua chombo, tukakuta chujio lina rangi ya tope. Dukani tukakuta rafu nzima: mikroni 50, 20, 5 na 1. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa mtu una kama mikroni 70 hivi. Tukajiambia kwamba tundu likiwa dogo zaidi, maji yatakuwa safi zaidi. Tukanunua la mikroni 1 na kurudi nyumbani tukijipongeza.

Siku ya nne bafu likaanza kusuasua. Siku ya tisa maji yalidondoka tone kwa tone, na mmoja wetu alikuwa na povu kichwani na mtihani saa tatu asubuhi. Hapo tukafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza: tulitoa chujio, tukafunga chombo kitupu, tukafungua maji. Wiki mbili tulioga kama tuko kwenye mvua ya masika. Kisha mashine ikaacha kulainisha. Fundi alipoifungua alikuta mchanga umekwama kwenye valvu.

Mwenye nyumba alitaka kukata dola 180 kwenye amana yetu. Tulijiandaa kubishana, na ili tubishane vizuri tukausoma mkataba. Basi hatukubishana. Kila mmoja alitoa dola 45, na mmoja wetu alizikopa.

Jioni ile tulimpigia simu mama wa mwenzetu, aliyekulia Wete, Pemba, na sasa anaishi Columbus, Ohio. Tulitafuta pole, tukapata darasa.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba wanangu. Mliweka chujio gani?"

"La matundu madogo kabisa, Mama."

"Na kwenye maji mna nini?"

Kimya.

"Hamjui mnachokichuja, mtajuaje cha kuchujia? Nyinyi mkitaka tui mnafanyaje?"

Tukakiri kwamba tunafungua kopo. Akavuta pumzi, akatueleza kifumbu, kile kifuko cha kusukwa cha kukamulia nazi. Matundu yakiwa makubwa, machicha yanapita. Yakiwa madogo mno, tui halishuki na mkono unauma bure. "Na ukishatia chumvi kwenye tui," akasema, "kamua mpaka kesho. Kifumbu kinashika machicha, hakishiki chumvi."

Akatuagiza tuteke maji kwenye chupa ya kioo, kabla hayajapita kwenye chujio, tuyaache usiku kucha. Asubuhi mchanga na vipande vya kutu vilikuwa vimetulia chini, na maji ya juu yalikuwa bado meupe. Hayo ndiyo machicha yetu. Kama maji yangetoka meupe kisha yakageuka mekundu yalipokaa, ingekuwa dalili ya chuma kilichoyeyuka, na chujio la mashapo haliwezi kukishika kabla hakijawa kutu. Kikiwa kidogo, mashine hukimudu. Kikiwa kingi, kinataka chombo chake. Tulipima pia ugumu kwa vikaratasi vya dukani: miligramu 376 hivi kwa lita. Ukipita 180 maji huhesabiwa kuwa magumu sana. Hiyo ndiyo chumvi ya Mama, na ni kazi ya mashine.

Sasa tunatumia chujio la mikroni 20, lile linalofanana na pamba iliyobanwa, ambalo hushika uchafu kwa unene wake wote na likijaa hutupwa. Lipo pia la mikunjo, ambalo unaweza kulisuuza ukalirudisha mara kadhaa. Ninyi mnaokaa mjini, maji yenu yana klorini, nayo huzichakaza zile shanga polepole. Chujio la mkaa mbele ya mashine husaidia, ila lisikae kupita muda wake, maana likishaondoa klorini hakuna kinachozuia vijidudu kuota humo. Sisi wa kisima hatuna klorini. Nusura tulinunue bure.

Siku ya kubadilisha tunafanya hivi:

Funga koki ya maji yanayoingia. Bonyeza kitufe cha juu ya chombo kutoa presha. Weka ndoo chini. Fungua kwa spana yake, osha chombo kwa sabuni. Kagua pete ya mpira, ipake grisi ya silikoni. Usipake mafuta ya mgando, huvimbisha mpira. Kaza kwa mkono, si kwa spana. Fungua maji taratibu, angalia kama panavuja, kisha acha bomba litiririke dakika chache.

Tumeomba, na mwenye nyumba amekubali, geji mbili za presha, moja kabla ya chujio na moja baada yake. Zikipishana kwa pauni 10 kwa inchi ya mraba, tunabadilisha. Zisipopishana, tunabadilisha kila miezi mitatu hata hivyo. Baada ya mvua kubwa tunachungulia, kwa sababu katika nchi ya chokaa maji hupenya kwenye nyufa haraka na kubeba tope.

Na tusidanganyane: chujio la mashapo haliui vijidudu. Maji ya kisima yapimwe bakteria na naitreti kila mwaka, hata yakiwa yanang'aa.

Kwenye chombo cha bluu sasa pana tarehe, na jina la mwenye zamu. Mkataba tumeubandika ukutani kando yake. Mama anakuja likizo ya Desemba, na amesema atatuletea kifumbu. Hakusema kama ni cha nazi au cha kisima.

Maneno ya toleo hili
Mashapo: uchafu unaotulia chini ya maji.
Machicha: nazi iliyobaki baada ya kukamuliwa tui.
Kukakamaa: kuwa kigumu na kikavu, kama kanga zetu za mwezi wa kumi.
Amana: fedha unazomwachia mwenye nyumba ukitumaini kuziona tena.