WATU NA KAZI ZAO: Massimo Vignelli na Ramani Iliyozozaniwa

Mnamo mwezi wa Agosti mwaka 1972, abiria wa treni zipitazo chini ya ardhi mjini New York walipewa ramani mpya. Njia za treni, ambazo huko chini hupindapinda kama mizizi ya mti, zilichorwa kwa mistari iliyonyoka, kila njia na rangi yake, na kila kituo kikawa doa jeusi. Bustani ya Central Park, ambayo kwa hakika ni ndefu na nyembamba, ilionekana kama mraba, tena ya rangi ya kijivu. Wenyeji wa mji wakanung'unika.

Aliyeisanifu ramani hiyo, akisaidiwa na wenzake, ni Mtaliano Massimo Vignelli. Alizaliwa Milano mwaka 1931, akasomea usanifu wa majengo huko na Venezia, lakini jina lake lilikua katika usanifu wa michoro, yaani kazi ya kupanga maandishi, alama na picha ili ujumbe umfikie mtu upesi bila kumchanganya. Kibao cha njia panda na jina ubavuni mwa ndege ni matunda ya kazi hiyo. Mwaka 1965 yeye na wenzake walianzisha kampuni ya Unimark. Miongoni mwao alikuwamo Mholanzi Bob Noorda, aliyekwisha kuwapangia watu wa Milano vibao vya treni yao ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa mwaka 1964.

Wakuu wa usafiri wa New York waliwaita mwaka 1966. Vibao vya vituo vyao vilikuwa mchafukoge: vingine vya vigae, vingine vya bati, vingine vimeandikwa kwa mkono. Ulipofika mwaka 1970 kilitoka kitabu cha kanuni, kikieleza ukubwa wa kila herufi na mahali pa kila mshale. Katika michoro ya kwanza palikuwa na ukanda mweusi juu ya kibao, kuonyesha chuma cha kukishikilia. Mafundi wa karakana wakaudhania kuwa sehemu ya kibao chenyewe, wakaupaka rangi. Hata vibao vilipogeuzwa kuwa vyeusi vyenye herufi nyeupe, mstari ule uliozaliwa na kosa haukuondoka. Uligeuka mweupe tu.

Turudi kwenye ramani. Askari aliyefunzwa kusoma ramani atawaelewa walionung'unika, kwani kwake umbali na upande ni mambo ya kufa na kupona. Kituo kimoja cha mtaa wa 50 kilichorwa magharibi ya kingine, hali kwa kweli kiko mashariki yake. Abiria atokaye nje akiifuata ramani angekwenda kinyume. Vignelli alishikilia kwamba mtu aliye ndani ya treni hatembei kwa miguu. Lililo muhimu kwake ni kujua apande njia ipi na abadilishie kituo gani. Harry Beck alikuwa amewachorea watu wa London kwa fikra hiyohiyo, nao waliipokea ramani yake tangu mwaka 1933. Lakini mitaa ya New York imepangwa kwa namba, na kila mwenyeji anayo kichwani. Ukiipotosha ataona mara moja. Pande zote mbili zilikuwa na haki. Mwaka 1978 Vignelli alisimama mbele ya hadhara kuitetea kazi yake, na mwaka 1979 ikaondolewa.

Kazi zake nyingine zilidumu. Alama aliyoitengenezea kampuni ya ndege ya American Airlines mwaka 1967 ilitumika hadi mwaka 2013. Vijitabu vya mbuga za taifa za Marekani vinafuata mpango alioutoa mwaka 1977. Akina mama watapendezwa zaidi na vyombo vya mezani vya plastiki ngumu, vilivyopata tuzo ya Compasso d'Oro huko Italia mwaka 1964: sahani na bakuli zenye kingo zilizosimama, zinazopandana moja juu ya nyingine bila kuteleza, hata kabati dogo likatosha.

Katika hayo yote alikuwapo mkewe Lella, mzaliwa wa Udine, naye msanifu wa majengo. Walioana mwaka 1957 na kufungua ofisi yao New York mwaka 1971. Lella alisanifu samani, vyombo vya fedha na vyumba vya maonyesho, tena ndiye aliyekuwa mkali wa kukata yasiyofaa. Hata hivyo, mara nyingi magazeti yalimtaja mume peke yake. Jambo hilo lilimchoma Massimo, na mwaka 2013, akiwa mzee, alitoa kitabu kizima cha kazi za mkewe.

Alipokuwa mgonjwa mwezi wa Mei mwaka 2014, jamaa zake waliwaomba wale aliowafaa wamwandikie barua, nazo zikaja kutoka pande nyingi za dunia. Alifariki tarehe 27 mwezi huo, na Lella akamfuata mwaka 2016. Kazi zao zimehifadhiwa katika jengo lenye jina lao katika chuo cha teknolojia cha Rochester, lililofunguliwa mwaka 2010. Na mwezi wa Aprili mwaka 2025, wakuu wa treni za New York waliiweka kando ramani iliyofuata mtindo wa mwaka 1979, wakatoa nyingine yenye mistari iliyonyoka, kila njia na rangi yake, wakisema wazi kwamba wameifuata ile ya mwaka 1972.