Kuusimamisha Mlingoti na Kuulaza



Sisi tukaao Ndanda, Masasi na Newala tu watu wa bara; vyombo vya bahari twaviona tushukapo Lindi au Mikindani. Pengine mtauliza, "Mlingoti watuhusu nini?" Ngojeni kidogo. Kila aliyepata kusimamisha nguzo ya nyumba au mti wa bendera ya shule ameifanya kazi ile ile, na hatari yake ni moja.

Nalikuwa kijana nilipoona jambo hili pwani ya Mikindani. Watu watano walikuwa wakilaza mlingoti wa mashua ndogo, wapate kuutengeneza. Walianza kwa kicheko. Yule aliyeshika kamba ya kuushushia akauona mwepesi, akaishika kwa mkono mmoja, huku akizungumza na mwenziwe. Mlingoti ulipofika nusu ya njia, kamba ikamchoma kiganja, akaiachilia. Kijana mmoja alikuwa chini. Hakufa, lakini mguu wake ulivunjika, wala hakutembea tena bila fimbo. Tangu siku ile nimewauliza mabaharia habari za kazi hii, nami nataka kuwapeni waliyonifundisha.

Kwanza, jueni jinsi mlingoti unavyokaa. Shina lake huingia katika tundu la mwashiri, ndio ubao mnene ulalao ndani ya chombo juu ya mataruma. Na juu kidogo hufungwa kwa kamba kwenye boriti ikatizayo chombo. Hausimami wima kama nguzo ya nyumba, bali huinama kidogo kwenda mbele. Henza, yaani kamba ipandishayo foromali na tanga, hufungwa upande wa nyuma, ikausaidia mlingoti usianguke.

Mlingoti wa ngalawa ni mdogo. Watu wawili huuinua kwa mikono yao. Wa mashua wataka kamba na utaratibu. Kazi hufanywa maji yakiisha kupwa, hasa siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, kwa kuwa ndipo maji yaendapo mbali. Chombo hukaa mchangani, kimetiwa magadi pande zote mbili kisilale. Tundu la mwashiri husafishwa, maana takataka na maji ya mvua huozesha mti. Kisha mlingoti hulazwa, kichwa chake kuelekea tezi, na shina karibu na tundu lake, likizuiwa lisiteleze. Kamba nne hufungwa kichwani: moja ya kuvutia kutoka omo, mbili za kuume na kushoto, na moja ya nyuma ya kuzuia.

Sasa angalieni. Mlingoti ulalapo, kuuvuta kwa kamba peke yake hakufai kitu, kwa sababu kamba yauvuta kuelekea shina lake, haiuinui. Basi watu huuinua kwanza kwa mabega, wakautegemeza. Au kamba hupitishwa juu ya miti miwili mirefu iliyofungwa vichwa pamoja, ipate kuvuta kwenda juu. Uzito mkubwa ni wa mwanzo. Kadiri mlingoti unavyosimama, ndivyo unavyozidi kuwa mwepesi. Lakini ukikaribia kusimama hatari yageuka, maana waweza kupitiliza na kuwaangukia wale wavutao. Hapo mshika kamba ya nyuma ndiye mlinzi wa wote.

Kuulaza ni kinyume. Mwanzo ni mwepesi, hata mtoto aweza kuuzuia. Lakini kila ushukapo uzito wazidi, na uzito mkubwa kupita wote ni wa mwisho. Hilo ndilo lililomdanganya yule mtu wa Mikindani. Mabaharia wenye akili hawautegemei mkono. Huizungusha kamba mara mbili au tatu katika kigingi imara, wakailegeza kidogo kidogo. Kamwe hawaizungushi mkononi, wala hawamwachi mtu apite chini. Na sauti ya amri ni moja tu, maana manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Walimu, jambo hili mwaweza kulionyesha darasani kwa fimbo na uzi. Ilazeni fimbo mezani, mfunge uzi kichwani, mtoto mmoja azuie shina kwa kidole. Mwingine auvute uzi kuelekea shina, ukiwa umelala mezani; fimbo haitainuka. Kisha simamisheni kitabu karibu na shina, mpitishe uzi juu yake, avute tena. Watoto wataona kwa macho yao fimbo ikiinuka.

Nanyi wazazi, fikirini desturi yetu. Siku ya kujenga twaita jirani wengi, na kila mtu yu macho, kwa kuwa mzigo ni mzito tangu mwanzo. Siku ya kubomoa nyumba kuukuu twawaita vijana wawili, twasema, "Kazi ndogo hii." Msifanye hivyo. Waiteni watu wale wale waliojenga. Na kabla hamjalegeza kamba, ulizaneni maneno matatu: Nani atoa amri? Nani yu chini? Na kamba imezungushwa wapi? Kama pale Mikindani mtu mmoja angaliuliza hayo, kijana yule angalikwenda kwao kwa miguu yake miwili.