Maisha Bila Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye duka pale Mwanjelwa anaielewa vyema methali hii. Asipoandika kila jioni, hatajua ni bidhaa gani inayompa faida na ni ipi inayomla taratibu. Leo, ndugu msomaji, tuitumie methali hiyo katika jambo zito kuliko mali. Tuitazame barabara ipitayo mbele ya nyumba zetu, na pamoja nayo tuwatazame vijana wetu wanaosomea kompyuta.

Wazee wa Iringa na Mbeya wanaijua historia ya barabara kuu iendayo Zambia. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, mafuta na shehena za Zambia zilianza kupita huku, wakati huo barabara ikiwa ya vumbi kiangazi na tope masika. Lami ilikuja, lakini milima ilibaki pale pale. Hadi leo, lori lililosheheni likishuka Kitonga au mteremko wa Iwambi, uhai wa wengi huning'inia kwenye breki zake. Tarehe 11 Machi 2015, pale Changarawe karibu na Mafinga, basi na lori yaligongana, kontena likaliangukia basi, na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha. Juni 2025, huko Iwambi, lori lililoshindwa breki liliyavamia magari mengine, na watu 28 wakafa.

Misiba ya namna hiyo hutangazwa redioni, nasi sote huomboleza. Lakini je, ni nani anayemhesabu mtembea kwa miguu aliyegongwa peke yake usiku, au kijana wa bodaboda aliyeanguka njia ya kijijini na kubebwa na ndugu zake? Katika ripoti yake ya 2018, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kwa mwaka 2016 taarifa rasmi za Tanzania zilionyesha vifo 3,256 vya barabarani, hali makadirio ya shirika hilo lenyewe yalizidi 16,000. Makadirio si hesabu ya vichwa, na wataalamu wanaweza kuyabishania. Hata hivyo, pengo la mara tano halipuuziki.

Pengo hilo halihitaji mwongo ili litokee. Askari huandika anachokikuta barabarani. Majeruhi akifariki siku ya kumi na mbili katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kwa kanuni za kimataifa kifo hicho ni cha ajali, kwa kuwa kimetokea ndani ya siku 30. Lakini daftari la polisi huenda likabaki limeandikwa "majeruhi", na daftari la hospitali likaandikwa "jeraha la kichwa", bila neno juu ya gari wala mahali. Hivyo, mtu mmoja yumo katika vitabu viwili, na hakuna kitabu hata kimoja kinachoeleza habari yake yote.

Hapa ndipo anapohitajika kijana mwenye elimu ya takwimu na ya kuandika programu. Kazi yake ya kwanza ni kuyakutanisha madaftari hayo. Tuchukue mfano wa kubuni. Polisi wa wilaya fulani wana majina 60 ya waliokufa, hospitali ina majina 50, na majina 30 yamo katika orodha zote mbili. Kati ya watu 50 wa hospitali, polisi waliwajua 30, yaani watatu katika kila watano. Kama polisi huwafikia watatu katika kila watano, basi wale 60 wao ni sehemu tu ya watu wapatao 100. Majina tuliyo nayo mkononi, yakijumlishwa bila kurudiwa, ni 80. Kwa hiyo watu kama 20 hawakuandikwa popote. Wataalamu wa uvuvi hutumia hesabu ya aina hiyo kukadiria samaki ziwani bila kuwavua wote. Mtafiti makini ataongeza tahadhari, kwa sababu aliyefia papo hapo huenda asifikishwe wodini kamwe, na jambo hilo hupotosha hesabu lisipoangaliwa.

Kulinganisha majina, nako, si kazi ya mashine peke yake. Iko kanuni maarufu iitwayo Soundex, iliyopewa hataza nchini Marekani mwaka 1918. Hubakiza herufi ya kwanza ya jina, huziacha irabu pamoja na herufi kama w na h, kisha hugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu tatu. Huenda kwa majina ya kwao inafaa. Tulilete Rungwe: Mwakalinga hugeuka M245, na Mwakilembe naye hugeuka M245! Kwa kompyuta ya namna hiyo, koo mbili zimekuwa mtu mmoja. Aliyezaliwa hapa huliona kosa hilo mara moja, naye huandika kanuni nyingine iliyo bora, inayotazama pia umri, jinsia, kijiji na tarehe. Ndiyo maana kazi hii haiwezi kuagizwa yote kutoka ng'ambo.

Wazazi watauliza, na ni haki yao: je, kazi hii ina mshahara? Tuseme kweli. Ni nadra kuona tangazo la nafasi ya "mtafiti wa data za ajali". Kazi ipo, lakini hujificha ndani ya majina mengine. Wamo watakwimu wa hospitali, wahandisi wa TANROADS, wasimamizi wa mfumo wa LATRA wa kufuatilia mwendo wa mabasi, wachambuzi wa kampuni za bima, na watunza data katika taasisi za utafiti kama NIMR, ambayo ina kituo chake Mbeya. Mtu aliyejifunza kusafisha data, kuziunganisha na kuzichora katika ramani anaweza kubisha hodi katika milango hiyo yote.

Mahali pa kuanzia hapako mbali. Chuo cha Ufundi Mbeya kilichoanzishwa mwaka 1986 leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, na vyuo vikuu vya Iringa navyo hufundisha kompyuta. Dar es Salaam kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji na Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika. Programu zitumikazo zaidi, kama R, Python na QGIS, hupatikana bure. Kilicho ghali ni hisabati ya sekondari, na hiyo hulipiwa kwa jasho. Binti anayeipenda hisabati asiambiwe kwamba mambo ya magari ni ya wavulana, kwani hesabu haimuulizi mtu jinsia yake.

Liko na sharti la tabia. Katika orodha hizo kila mstari ni marehemu wa watu. Anayezishika hana budi kutunza siri kama mganga, na kukataa kubadili tarakimu ili kumfurahisha mkubwa.

Wala tusijidanganye kwamba kompyuta inafunga breki. William Haddon, daktari wa Marekani aliyeongoza wakala wa kwanza wa usalama barabarani wa serikali yake katika miaka ya 1960, alifundisha kuitazama ajali kabla haijatokea, inapotokea na baada ya kutokea. Na katika kila hatua kumtazama mtu, chombo na mazingira. Hesabu njema hutuonyesha pa kuanzia: taa za njia pale, kivuko cha wanafunzi hapa, ukaguzi wa breki juu ya mlima kabla ya mteremko. Baada ya hapo lazima wahandisi, askari, wenye malori na madereva watimize wajibu wao, na mhesabu arudi kupima kama vifo vimepungua kweli.

Jioni ya leo, mzazi, muulize kijana wako anayesoma kompyuta anataka kuitumia elimu hiyo kwa nani. Akisema hajui, mwonyeshe barabara. Kila anayefia pale anastahili walau mstari mmoja ulioandikwa sawasawa, ili aliye hai asimfuate kwa sababu ile ile.

Tukutane Jumapili ijayo.