Mashine ya CD yenye valvu: lipia kile utakachosikia

BIASHARA ya CD imetangazwa kufa mara nyingi, lakini takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa mgonjwa bado anapumua. Mwaka 2021 mapato ya CD nchini humo yalipanda kwa mara ya kwanza tangu 2004. Mwaka uliofuata santuri ziliipiku CD kwa idadi, zikiuzwa milioni 41 dhidi ya CD milioni 33. Hata hivyo, milioni 33 si idadi ya kudharauliwa, na mwenye kabati lililojaa CD ana haki ya kutafuta mashine nzuri ya kuzichezea. Kwa asiye na nafasi ya spika kubwa, au asiyetaka kuwasumbua jirani, hedifoni ni njia ya gharama nafuu.

Hapo ndipo muuzaji anapoingia na neno valvu. Valvu ni zile chupa ndogo za kioo zinazowaka rangi ya chungwa, zilizokuwa moyo wa redio kabla ya transista. Miaka ya baadaye zilirudi ndani ya mashine za CD kama vile Jolida JD-100, Shanling CD-T100 ya China na Ah! Njoe Tjoeb ya Uholanzi, ambayo ilijengwa juu ya mashine ya Marantz. Muuzaji husema sauti yake ni laini zaidi na thamani yake haishuki. Kwa sababu hizo mbili, anataka bei ya juu.

Maoni yetu ni kwamba msikilizaji wa hedifoni asikubali haraka. Mara nyingi atalipia valvu ambayo sauti yake haifiki masikioni mwake. Fedha hizo zitafanya kazi zaidi zikinunua mashine ya kawaida iliyo imara, na zinazobaki zikaenda kwenye amplifaya ya hedifoni. Anayependa sauti ya valvu aitafute huko.

Tuangalie njia ya sauti yenyewe. CD, ambayo ilianza kuuzwa Japani Oktoba 1982 kwa viwango vya Philips na Sony, hubeba sampuli 44,100 kwa kila sekunde. Leza husoma, chipu hugeuza tarakimu kuwa mawimbi ya umeme, kisha mawimbi hayo hupita katika hatua ya mwisho kabla ya kutoka nje. Valvu hukaa katika hatua hiyo ya mwisho, ikielekea kwenye soketi za nyuma zinazokwenda kwenye amplifaya. Soketi ya hedifoni ya mbele, kama ipo, inaweza kuwa na saketi yake ndogo ya chipu isiyopitia valvu hata kidogo. Mnunuzi anayechomeka hapo husikia chipu ya bei rahisi huku valvu alizolipia zikiwaka kama taa za harusi.

Kuna pia suala la nguvu. Soketi za nyuma hutoa takriban volti 2 kwa ajili ya kuipa amplifaya ishara, wala hazikutengenezwa kusukuma hedifoni. Isitoshe, hedifoni hazilingani. Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka 1997, ina ukinzani wa omu 300, wakati Grado SR60 ina omu 32. Amplifaya ya valvu isiyo na transfoma ya kutolea sauti huelewana vizuri na ile ya omu 300, lakini ikipewa ya omu 32 huanza kuhema. Kwa hiyo mpangilio wa ununuzi unapaswa kuwa hedifoni kwanza, amplifaya inayoifaa pili, na mashine ya CD mwisho. Anayeanza na mashine ya CD kwa sababu ya mwanga wa valvu amekwisha kutumia fedha kabla ya kujua anahitaji nini.

Hoja ya thamani kutoshuka ndiyo dhaifu kuliko zote. Mashine ya CD si hisa. Ina vitu viwili vinavyochakaa, yaani valvu na leza. Valvu ndogo ikidumu saa 5,000, msikilizaji wa saa tatu kwa siku ataitumia zaidi ya miaka minne na nusu. Akiiacha ikiwaka usiku na mchana, saa hizo zitakwisha ndani ya miezi saba. Ikifa, huchomolewa na nyingine kuwekwa. Leza ni habari nyingine. Philips iliacha kutengeneza mtambo wake wa CD-Pro2, uliotumika katika mashine nyingi za bei kubwa, na wenye mashine hizo wakabaki kuwinda vipuri. Mashine yenye valvu nzima na leza iliyokufa ni pambo la sebuleni.

Hata soko la valvu lina hatari zake. Viwanda vikubwa vilivyobaki ni vichache, vikiwamo vya Saratov huko Urusi na JJ Electronic huko Slovakia. Machi 2022 Urusi ilipozuia kusafirisha bidhaa kadhaa nje, valvu zikiwamo, wanunuzi wa ng'ambo walikimbilia akiba iliyokuwapo na bei zikapanda. Baadaye njia ilifunguliwa, lakini somo lilibaki. Kuwa na jozi moja ya akiba ni busara. Kununua sanduku zima la valvu za kale zenye majina kama Mullard au Telefunken kwa nia ya kulangua ni kamari, kwani majina hayo huchapwa pia juu ya valvu zisizo zao.

Wapo watakaosema kwamba sauti ni suala la ladha. Ni kweli, valvu huongeza rangi yake katika muziki na wapo wanaoipenda kwa dhati. Lakini rangi hiyo ikiwa ndani ya amplifaya, itahudumia pia redio, santuri na simu. Ikifungiwa ndani ya mashine ya CD, itakufa siku leza itakapokufa.

Kwa anayekusudia kununua iliyotumika, aombe mambo manne kabla ya kutoa fedha. Leza yake ni ya aina gani, na kipuri bado kinapatikana? Soketi ya hedifoni inapitia valvu au chipu? Valvu zake ni za aina gani? ECC83 na ECC88 zote zina miguu tisa, lakini haziwekwi moja mahali pa nyingine. Na mwisho, inataka volti ngapi? Mashine ya Japani ni ya volti 100 na ya Marekani ni ya volti 120, ilhali umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni 240. Ikichomekwa bila transfoma ya kupunguza, itaungua siku hiyo hiyo.

Muuzaji asiye na majibu ya maswali hayo anauza mwanga. Mwanga wa rangi ya chungwa unapatikana kwa bei ya mshumaa.